AS/400 na kompyuta za bei nafuu: ushindani wa mifumo ya biashara

AS/400 ni kompyuta ya biashara iliyotengenezwa na kampuni ya IBM ya Marekani na kutangazwa rasmi tarehe 21 Juni 1988. Ililengwa kwa kampuni za kati: wauzaji wa jumla, viwanda, wasafirishaji, wenye maghala na benki. Kazi zake kubwa zilikuwa zile zinazoendesha biashara kila siku, yaani ankara, hesabu za wadeni, mali iliyopo stoo, mishahara na ufuatiliaji wa mizigo.

Historia ya mashine hii inaonyesha vizuri ushindani uliodumu zaidi ya miaka 30 kati ya aina mbili za kompyuta. Upande mmoja kuna mifumo ya kampuni moja, ambayo mtengenezaji ni yule yule kuanzia mashine hadi programu inayoiendesha. Upande mwingine kuna kompyuta za kawaida za sokoni, ambazo sehemu zake zinatengenezwa na kampuni nyingi na kuuzwa kwa bei nafuu.

Ushindani huo uliangusha kampuni kubwa za kompyuta. AS/400 yenyewe ilibadilishwa jina mara kadhaa lakini haikufa. Sababu za wengine kuanguka na yenyewe kubaki zinamhusu kila mfanyabiashara anayeweka kumbukumbu zake ndani ya kompyuta, hata kama hajawahi kuiona AS/400.

Tofauti ya mifumo hii miwili

Wenye malori wanaielewa tofauti hii haraka. Kuna lori ambalo spea zake zinauzwa na wakala mmoja tu na fundi wake lazima awe amefunzwa na wakala huyo. Lori hilo haliharibiki ovyo, lakini likikwama njiani spea inasubiriwa, na bei anaipanga wakala. Kuna lori jingine ambalo spea zake ziko katika kila duka na kila gereji ina fundi anayelijua. Bei ni nafuu kwa sababu wauzaji wanashindana, lakini mnunuzi lazima ajue spea nzuri na mbovu, na likiharibika hakuna mmoja anayekubali kuwa kosa ni lake.

Mfumo wa kampuni moja ni kama lori la kwanza. Chipu, diski, skrini, programu endeshi na hifadhidata vinatoka kwa mtengenezaji mmoja, vimejaribiwa pamoja, na kuna namba moja ya simu ya kupiga tatizo linapotokea. Kompyuta ya kawaida ni kama lori la pili: chipu ya Intel au AMD, diski ya kampuni nyingine, programu endeshi ya Windows au Linux, na hifadhidata ya kampuni ya nne.

Hali kabla ya 1988

Katika miaka ya 1970 na 1980 karibu kompyuta zote za biashara zilikuwa mifumo ya kampuni moja. Digital Equipment Corporation, maarufu kwa jina la DEC, iliuza mashine za VAX kuanzia 1977. Hewlett-Packard ilikuwa na HP 3000 tangu 1972. Wang Laboratories ilijulikana kwa mashine za kuandikia nyaraka maofisini, na Data General nayo ilikuwa na wateja wake.

Programu iliyoandikwa kwa mashine ya kampuni moja haikufanya kazi katika mashine ya nyingine. Mteja aliyetaka kuhama alilazimika kuandika upya programu zake na kuhamisha kumbukumbu zote. Kwa hiyo wengi hawakuhama, na watengenezaji walilijua hilo wakati wa kupanga bei.

IBM yenyewe ilikuwa na tatizo hilo ndani ya nyumba yake. System/36 ya mwaka 1983 ilipendwa na biashara ndogo, na System/38 iliyotangazwa 1978 ilikuwa ya kisasa zaidi, lakini mbili hizo hazikuelewana. AS/400 ilibuniwa katika kiwanda cha Rochester, jimbo la Minnesota, ili wateja wa pande zote mbili wapate mashine moja ya kuhamia bila kutupa programu zao.

AS/400 ilivyofanya kazi

Mambo matatu yaliitofautisha AS/400 na mashine nyingine.

Kwanza, hifadhidata ilikuwa sehemu ya mashine yenyewe. Mteja hakununua programu ya hifadhidata pembeni wala kuajiri mtaalamu wa kuitunza peke yake. Kampuni nyingi ziliiendesha AS/400 kwa mtu mmoja au wawili, ambao mara nyingi walikuwa pia waandishi wa programu.

Pili, mashine iliichukulia kumbukumbu yake ya ndani na diski zake kama sehemu moja. Mwandishi wa programu hakuhitaji kujua faili limekaa diski ipi. Mashine yenyewe ilipanga.

Tatu, na hili ndilo lililokuja kuiokoa, programu za wateja hazikuandikwa kwa ajili ya chipu fulani. Kati ya programu na chipu IBM iliweka tabaka la katikati. Programu ilizungumza na tabaka hilo, na tabaka lilitafsiri kwa chipu iliyokuwapo. Wazo hili lilitoka katika System/38, na mbunifu anayetajwa zaidi katika kazi hiyo ni Frank Soltis.

Kwa mtumiaji wa kawaida, AS/400 ilikuwa skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani. Hakukuwa na picha wala kipanya. Karani aliyezoea vitufe vyake aliingiza oda kwa kasi kubwa. Programu nyingi ziliandikwa kwa lugha ya RPG, iliyoanza IBM mwaka 1959 kwa ajili ya kutoa ripoti, na nyingine kwa COBOL.

Kompyuta za bei nafuu zilivyoingia

Mshindani mkubwa wa AS/400 alizaliwa IBM kwenyewe. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni hiyo ilitangaza IBM PC. Ili kuitoa haraka, wahandisi walinunua sehemu kutoka nje: chipu ya 8088 kutoka Intel na programu endeshi kutoka Microsoft. Kwa kuwa sehemu zilikuwa za kununuliwa, kampuni nyingine ziliweza kutengeneza kompyuta inayofanana nayo. Compaq ilitangaza ya kwake mwaka 1982, na baada yake zikafuata nyingine nyingi.

Mwaka 1987 IBM ilijaribu kulirudisha soko mkononi kwa kutoa kompyuta za PS/2 zenye njia mpya ya kuunganisha kadi, na aliyetaka kuiga alitakiwa alipie haki. Mwaka uliofuata kampuni tisa zikiongozwa na Compaq zilitangaza njia yao. Jaribio la IBM lilishindwa, na tangu hapo hakuna kampuni moja iliyoimiliki PC.

Mwanzoni PC hazikuwa tishio kwa AS/400. Zilitumika kuandika barua na kupiga hesabu za mtu mmoja. Hali ilibadilika hatua kwa hatua. Programu ya NetWare ya kampuni ya Novell iliunganisha PC za ofisi nzima. Linux ilianza 1991 ikiwa ni programu endeshi isiyolipiwa leseni. Mwaka 1993 Microsoft ilitoa Windows NT, na mwaka huo huo Compaq ikaanza kuuza seva za ProLiant. Mwaka 1995 Intel ilitoa chipu ya Pentium Pro iliyotosha kwa seva za kazi nzito. Mwaka 2003 chipu ya Opteron ya AMD ilizipa seva za aina ya PC uwezo wa biti 64, uwezo ambao AS/400 ilikuwa nao tangu 1995.

Siri ya bei ilikuwa wingi. Gharama ya kubuni chipu mpya ni kubwa sana. Intel iliigawa gharama hiyo kwa mamilioni ya kompyuta za nyumbani, maofisini na za seva. Mtengenezaji wa mfumo wa kampuni moja aliigawa kwa mashine chache zaidi, kwa hiyo kila mteja wake alibeba sehemu kubwa.

Kampuni zilizoanguka

Wang Laboratories iliomba kinga ya mufilisi mwaka 1992.

Tandem, iliyosifika kwa mashine zisizozimika zilizotumiwa na mabenki, ilinunuliwa na Compaq mwaka 1997.

DEC ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998 kwa dola bilioni 9.6 hivi. Kampuni iliyoanza kwa kuiga PC ikawa imemmeza mmoja wa wakubwa wa zamani.

Data General ilinunuliwa na EMC mwaka 1999.

HP 3000 ilisitishwa na mtengenezaji wake. Novemba 2001 Hewlett-Packard ilitangaza kwamba itaacha kuiuza mwaka 2003. Huduma ya matengenezo ilisogezwa mbele mara zaidi ya moja hadi mwisho wa 2010, kwa sababu wateja hawakuwa wamemaliza kuhama.

Compaq yenyewe ilinunuliwa na Hewlett-Packard mwaka 2002.

Sun Microsystems, iliyouza seva zenye chipu zake, ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010.

Mashine nyingi kati ya hizi hazikuwa mbovu. HP 3000 ilikuwa ikifanya kazi vizuri siku ilipotangazwa kusitishwa. Wateja wake walihama kwa sababu mtengenezaji pekee aliamua biashara hiyo haimlipi, na hapakuwa na mwingine wa kuiendeleza.

Kwa nini AS/400 ilibaki

Miaka ya mwanzo ya 1990 ilikuwa migumu kwa IBM. Mwaka 1993 peke yake ilipata hasara ya dola bilioni 8 hivi. Hata hivyo AS/400 ilikuwa na wateja wengi waliolipa kila mwaka, na IBM haikuwa na sababu ya kuwafukuza.

Mwaka 1995 IBM ilibadilisha chipu ya AS/400, ikatoka katika ile ya zamani ya biti 48 na kuingia familia ya PowerPC ya biti 64. Kwa kawaida mabadiliko kama hayo yanamlazimisha mteja aandike upya programu. Hapa ndipo tabaka la katikati lilipofanya kazi yake: mashine mpya ilizipokea programu za zamani na kuzitafsiri yenyewe.

Walioumia ni wachache waliokuwa wamefuta sehemu ya programu iliyohitajika kwa tafsiri ili kuokoa nafasi ya diski. Kama hawakuwa na maandishi asilia ya programu zao, yale yaliyoandikwa na mtunzi kabla ya kugeuzwa lugha ya mashine, walikwama. Wengine walikuwa wameagana na mtunzi zamani bila kudai nakala.

IBM pia ilijifunza kuishi na mshindani. Iliuza kadi yenye chipu ya Intel iliyoingia ndani ya AS/400 ili kazi za PC zifanyike humo humo, na mwaka 2001 iliruhusu Linux iendeshwe katika sehemu ya mashine hiyo. Jina lilibadilika kuwa iSeries mwaka 2000 na System i mwaka 2006. Mwaka 2008 mashine hizo ziliunganishwa na seva za Unix za IBM kuwa familia moja ya Power Systems, na programu endeshi ikaitwa IBM i. Gharama ya kubuni chipu iligawanywa kwa wateja wa pande mbili. IBM i inaendelea kutolewa. Toleo la 7.5 lilitoka 2022.

Wateja hawakukosa malalamiko. Lililojulikana zaidi ni malipo ya skrini za kijani. Kuanzia miaka ya 1990 IBM iliuza mashine zenye nguvu nyingi lakini ikabana sehemu iliyoruhusiwa kutumiwa na skrini hizo. Aliyetaka zaidi alilipa, ingawa mashine ilikuwa ile ile. Mwaka 2007 zilitoka mashine ndogo zilizolipiwa kwa idadi ya watumiaji, na utaratibu wa zamani ukafifia. Mfano huu unaonyesha kwamba aliyefungwa kwa muuzaji mmoja anaweza kutozwa hata kwa kitu alichokwisha kununua.

Hesabu kamili ya gharama

Bei ya mashine ni sehemu moja tu ya gharama ya mfumo. Kampuni zilizohama kutoka AS/400 kwenda kompyuta za kawaida zilikutana na mambo haya:

Leseni. Seva ni nafuu, lakini leseni za programu endeshi, za hifadhidata na za kila mtumiaji hulipiwa kando.

Idadi ya seva. Kazi iliyofanywa na AS/400 moja mara nyingi iligawanywa: seva ya hifadhidata, ya barua pepe, ya mafaili, ya uhasibu. Seva ziliongezeka hadi makampuni yakatafuta namna ya kuzirudisha katika mashine chache. Programu za VMware, zilizoanza mwisho wa miaka ya 1990, zilipata soko kwa sababu hiyo.

Mafundi. Fundi wa kompyuta za kawaida anapatikana katika kila mji. Mjuzi wa RPG ni wa kutafuta, na wengi wanakaribia kustaafu au wamekwisha kustaafu. Lakini seva nyingi zinahitaji mafundi wengi.

Umeme na usimamizi. Kila seva inataka umeme, upoozaji, nakala za akiba na marekebisho ya usalama.

Kuhama kwenyewe. Programu iliyojengwa kwa miaka 20 imebeba taratibu zote za kampuni: punguzo la mteja fulani, namna ya kukokotoa nauli, malipo ya dereva anayekesha mpakani. Nyingi hazijaandikwa mahali pengine popote.

Kwa biashara inayoanza, hesabu hii mara nyingi huangukia kompyuta ya kawaida. Kwa kampuni kongwe yenye programu inayofanya kazi, jibu si rahisi hivyo.

Hatari ya wote kutumia mashine ya aina moja

Kompyuta za kawaida zilileta hatari ambayo haikufikiriwa sana mwanzoni. Mashine zote zikiwa za aina moja na zimeunganishwa, ugonjwa wa moja ni ugonjwa wa zote.

Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu iliyoitwa NotPetya ilisambaa kutoka Ukraine kupitia programu ya uhasibu ya M.E.Doc. Ilizishambulia kompyuta za Windows. Kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark ilipoteza matumizi ya mifumo yake karibu yote, na katika baadhi ya bandari malori yalizuiwa getini kwa kuwa hakuna aliyejua kontena lipi ni la nani. Januari 2018 mwenyekiti wake, Jim Hagemann Snabe, alieleza huko Davos kwamba kampuni ilifunga upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 kwa siku kumi. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Nakala muhimu ya kuanzia ilipatikana katika ofisi ya Ghana, ambako seva moja ilikuwa imezimika kwa kukatika umeme kabla ya shambulio.

Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kosa la programu ya usalama ya CrowdStrike lilizima kompyuta za Windows milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, na ndege nyingi hazikuruka. Safari hii hapakuwa na mshambuliaji.

Hii haina maana kwamba mfumo wa kampuni moja ni kinga. Mashine ya IBM i yenye nywila dhaifu huingiliwa kama nyingine, na karani anayeifikia kwa PC iliyozimika hawezi kufanya kazi.

Upande wa forodha

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki na Kongo wanakutana na suala hili kila wanapotoa mzigo. Mfumo wa ASYCUDA, unaoitwa SYDONIA katika nchi zinazotumia Kifaransa, ulianzishwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD mwaka 1981 kwa ombi la nchi za Afrika Magharibi. Ombi la mwanzo lilikuwa kusaidiwa kukusanya takwimu za biashara ya nje. Toleo la ASYCUDA++ lilianza mwaka 1992. ASYCUDA World, la mwaka 2002, lilijengwa kwa lugha ya Java ili liweze kuendeshwa katika seva za aina mbalimbali. Wazo lake halitofautiani sana na la AS/400: programu isitegemee mashine ya chini.

Uganda, Rwanda na Burundi zilikwenda ASYCUDA World. Kenya ilianza kutumia mfumo wa Simba mwaka 2005, na Tanzania ilihama kutoka ASYCUDA++ kwenda TANCIS katika miaka ya 2010. Himaya Moja ya Forodha ilipoanza 2014, mifumo hii tofauti ilitakiwa kupeana taarifa, ili mzigo wa Kampala au Kigali utozwe ushuru kabla ya kuondoka Mombasa au Dar es Salaam. Kilichotakiwa kufanana hapo kilikuwa taarifa zenyewe na namna ya kuzitumiana. Kila nchi ilibaki na mashine zake.

Maswali kabla ya kununua mfumo

Siku hizi wengi hawanunui seva, wanakodi nafasi na programu kwa malipo ya mwezi kupitia intaneti. Mashine zilizo nyuma ya huduma hizo kwa kawaida ni zile za bei nafuu, lakini huduma yenyewe inaweza kumfunga mteja kama mifumo ya zamani. Maswali ni yale yale:

1. Je, kumbukumbu zote za wateja, ankara na mizigo zinaweza kutolewa katika faili linalosomwa na programu nyingine? Zitolewe kwa majaribio kabla ya kulipa.

2. Programu ikiandikwa kwa ajili ya kampuni, maandishi yake asilia yatakuwa ya nani? Jibu liwe ndani ya mkataba.

3. Muuzaji akifunga biashara, kuna mwingine anayeweza kuuhudumia mfumo?

4. Malipo yataongezeka kwa kitu gani: watumiaji, ofisi, idadi ya mizigo?

5. Nakala ya akiba iko wapi, na imewahi kurudishwa kwa majaribio? Angalau nakala moja ikae nje ya mtandao.

6. Mfumo ukizimika, mizigo itatolewa namna gani kwa siku tatu za kwanza?

Maswali haya hujibiwa vizuri zaidi kabla ya mkataba kutiwa saini. Wateja wa HP 3000 walilazimika kuyajibu wakiwa na tarehe ya mwisho waliyopangiwa na mtengenezaji.